Kusoma vitabu vya maarifa vya mada zisizohusiana: kuna faida gani, na tuvipime vipi?

Msomaji Mchanganyiko

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nina mazoea ya kusoma vitabu vya maarifa, yaani visivyo vya kubuni, bila kufuata fani moja. Katika miezi ya karibuni nimesoma historia ya makontena ya mizigo, nikafuatisha kitabu kuhusu nyuki, kisha kingine kuhusu matetemeko ya ardhi, halafu historia ya kipindupindu katika miji ya karne ya 19, na sasa nina kitabu cha saikolojia kinachoeleza namna watu wanavyofikia maamuzi. Mfuatano huo sikuupanga. Kila kitabu nilikichukua kwa sababu kilinivutia wakati huo.

Mwenzangu mmoja, aliyezama katika fani moja tangu ujana wake, ananiambia kwamba usomaji wa namna hii humwachia mtu simulizi nyingi za kupendeza na maarifa machache, kwa sababu hakuna kitabu kinachojengwa juu ya kile kilichokitangulia. Hoja yake ina uzito, nami sijapata jibu la kumpa.

Kwa hiyo nina maswali mawili. La kwanza, je, kuna faida yoyote ya kweli katika kusoma mada zisizohusiana, mbali na burudani? La pili, mtu anaposoma katika fani asiyoijua, atumie kipimo gani kukitambua kitabu cha kuaminika? Majalada yote yamejaa sifa, waandishi wote wanazungumza kwa kujiamini, na mimi sina ujuzi wa kuhakiki hesabu za mtaalamu wa matetemeko wala takwimu za mwanasaikolojia.

Siombi orodha ya vitabu, kwa kuwa orodha zimejaa kila mahali. Ninaomba namna ya kuvisoma.

Mkutubi wa Zamani

Ndugu Msomaji, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo nililoulizwa zaidi nilipokuwa kazini, na kwa kuwa la kwanza halina maana ikiwa vitabu vyenyewe haviaminiki.

Kabla ya kusoma sura ya kwanza, fungua kurasa za nyuma. Tanbihi, marejeo na faharasa ni sehemu ambazo ufundi wa lugha hauwezi kuzipamba. Lakini usiishie kuona kwamba zipo. Chagua dai moja lililokushangaza, ufuate tanbihi yake uone inakokupeleka: je, inakufikisha kwenye utafiti wenyewe au hati ya wakati ule, au inakupeleka kwenye kitabu kingine cha wasomaji wa kawaida ambacho nacho kilinukuu kingine? Kuna kisa kimoja kinachoonyesha hatari hiyo vizuri kuliko maelezo yangu. Kwa miaka mingi waandishi walieleza kwamba sifa ya spinachi kuwa na madini mengi ya chuma ilitokana na mwanasayansi wa karne ya 19 aliyekosea kuweka nukta ya desimali. Waandishi makini walikirudia kisa hicho ili kuwaonya wenzao wasinukuu bila kuhakiki. Mwaka 2010 Mike Sutton, mtaalamu wa masuala ya uhalifu nchini Uingereza, alijaribu kukifuatilia hadi kwenye chanzo chake, asipate ushahidi wowote wa kosa hilo la nukta. Onyo lenyewe lilikuwa limenukuliwa bila kuhakikiwa.

Jambo la pili ni mwaka. Tazama mwaka wa toleo la kwanza, si mwaka wa chapa uliyoishika, kwa sababu chapa mpya yenye jalada jipya inaweza kubeba maneno ya miaka 40 iliyopita bila kubadilishwa hata nukta. Kisha ujiulize fani hiyo huzeeka kwa kasi gani. Uthibitisho wa Euklidi kwamba namba tasa hazina mwisho una umri wa zaidi ya miaka 2,000, na haujapungukiwa na kitu. Kinyume chake, kitabu cha jiolojia cha mwaka 1950, hata kama kiliandikwa na bingwa wa wakati wake, huenda kikakueleza chanzo cha milima kwa nadharia ambayo imekwisha kuachwa. Alfred Wegener, mwanasayansi wa Ujerumani, alitoa hoja ya kusogea kwa mabara mwaka 1912, wanajiolojia wengi wakaikataa kwa kuwa hakuweza kueleza ni nguvu gani inayoyasukuma, na ushahidi uliopatikana katika sakafu ya bahari ndio uliowageuza katika miaka ya 1960. Kitabu chako cha matetemeko kikiwa cha kabla ya hapo, kina thamani ya kihistoria, lakini usikitegemee kwa maelezo ya kwa nini ardhi inatikisika.

Tiba nayo hubadilika hivyo hivyo. Kitabu cha miaka ya 1970 kitakuambia kwamba vidonda vya tumbo huletwa na asidi nyingi na mahangaiko ya maisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Robin Warren na Barry Marshall, madaktari wa Australia, waliwahusisha na vidonda hivyo bakteria wanaoishi tumboni. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao kwa makusudi, akapata uvimbe wa tumbo, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobeli. Vivyo hivyo, kitabu kuhusu asili ya binadamu kilichotangulia mwaka 2010 huenda kikasema kwamba hakuna ushahidi wa kijenetiki kuwa watu wa Neanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, walizaliana na mababu zetu, ilhali mwaka huo jenomu yao, yaani jumla ya taarifa zao za urithi, ilichapishwa ikaonyesha kwamba walizaliana.

Kuhusu kitabu unachokisoma sasa nina tahadhari mahususi. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kuyarudia majaribio 100 ya saikolojia yaliyokuwa yametokea katika majarida yenye hadhi. Katika machapisho ya awali, asilimia 97 yalikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelezeka kwa urahisi kuwa ni bahati tu. Katika marudio, ni asilimia 36 tu. Haimaanishi kwamba saikolojia yote ni uzushi, wala kwamba kila jaribio lililoshindwa kurudiwa lilikuwa batili. Inamaanisha kwamba kitabu kinachojenga sura nzima juu ya jaribio moja la kushangaza, lililofanywa kwa wanafunzi wachache wa chuo, kisomwe kama taarifa ya yale yaliyoaminiwa wakati kilipoandikwa.

Mwalimu wa Takwimu

Ndugu Mkutubi ametosheleza upande wa kuhakiki. Mimi nitajibu swali la kwanza, na nitatofautiana na mwenzako aliyebobea.

Tuchukue vitabu vitatu ambavyo haviwekwi rafu moja: kimoja cha historia ya mabaharia, kingine cha historia ya huduma za uzazi, na cha tatu cha historia ya maji katika miji mikubwa.

Katika cha kwanza utamkuta James Lind, daktari katika meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Salisbury. Mwezi Mei 1747 aliwateua mabaharia 12 wenye kiseyeye, ambao hali zao zilifanana kadiri alivyoweza kuona, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula cha aina moja, kisha akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaiongezea kitu chake: jozi moja siki, nyingine maji ya bahari, nyingine machungwa na malimau, na kadhalika. Wale wa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wote, ingawa matunda yenyewe yaliisha baada ya siku sita.

Katika cha pili utamkuta daktari Ignaz Semmelweis mjini Vienna. Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa na wodi mbili za uzazi, moja ikihudumiwa na madaktari pamoja na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Wajawazito walipokelewa kwa zamu, siku hii wodi hii na siku ya pili wodi ile, kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba wanawake wa wodi ya madaktari walikuwa dhaifu zaidi. Hata hivyo homa ya uzazi iliwaua wao kwa wingi zaidi. Semmelweis aliziondoa sababu moja baada ya nyingine bila mafanikio, mpaka mwaka 1847 mwenzake Jakob Kolletschka alipochomwa na kisu wakati wa kuchunguza maiti, akafa, na mwili wake ukaonyesha dalili zilezile za akina mama waliokufa. Madaktari na wanafunzi walitoka kwenye chumba cha maiti kwenda moja kwa moja wodini, na wakunga hawakuwa wakiingia chumba hicho. Semmelweis akaamuru mikono ioshwe kwa maji yenye klorini. Vifo katika wodi ya kwanza, vilivyokuwa takribani asilimia 18 mwezi Aprili, vilikuwa chini ya asilimia 3 mwezi Juni.

Katika cha tatu, ambacho naamini ndicho ulichokwisha kukisoma, yumo daktari John Snow wa London. Kampuni mbili zilikuwa zikiuza maji katika mitaa ileile ya kusini mwa jiji, nyumba hii ikipata ya kampuni moja na nyumba ya jirani ikipata ya nyingine. Mwaka 1852 kampuni ya Lambeth ilihamishia mahali pake pa kuchotea sehemu ya juu ya mto Thames, kabla mto haujapokea majitaka ya jiji, ilhali kampuni ya pili, iliyoitwa Southwark na Vauxhall, iliendelea kuchota jijini. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1854, Snow alitafuta ni maji ya kampuni gani yalitumika katika kila nyumba iliyofiwa, akapata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 za Southwark na Vauxhall, na vifo 37 kwa kila nyumba 10,000 za Lambeth.

Mada hizi hazihusiani kwa lolote, lakini hoja ndani yake ni moja: tafuta makundi yanayofanana katika kila jambo isipokuwa moja, kisha uone kinachotofautiana. Lind aliyaunda makundi yake mwenyewe, Semmelweis aliyakuta yameundwa na ratiba ya hospitali, na Snow aliyakuta yameundwa na uamuzi wa kibiashara wa kampuni ambayo haikuwa na habari naye. Mtu wa fani moja huijua mbinu hii, mara nyingi kuliko mimi na wewe, lakini huijua ikiwa katika umbo lililozoeleka kwao. Anayeikuta melini, wodini na katika mabomba ya maji anaanza kuitafuta mahali ambapo mwandishi hakuitaja, na kuuliza, anapokuta dai lisilo nayo, kundi la kulinganishia liko wapi. Swali hilo moja linakuwezesha kukihoji kitabu cha fani yoyote bila kuwa mtaalamu wake.

Kuna jambo la pili ambalo kitabu kimoja hakiwezi kukuonyesha. Katika visa vyote vitatu ushahidi ulikuwepo na haukutosha. Lind alichapisha mwaka 1753, na jeshi la majini likaanza kuwagawia mabaharia maji ya malimau kwa utaratibu mwaka 1795. Semmelweis alipingwa na wakubwa wengi wa fani yake. Snow alifariki mwaka 1858, wakati nadharia ya kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu ikiwa bado na nguvu. Ukiuliza kwa nini, majibu hayafanani. Lind mwenyewe alipendekeza maji ya matunda yachemshwe mpaka yawe mazito ili yahifadhike, na moto huidhoofisha ile nguvu inayotibu. Semmelweis alichelewa mno kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Na hewa chafu ilikuwa nadharia inayoeleza mambo mengi kwa wakati mmoja, tena iliwahimiza watu kusafisha miji, jambo lililokuwa jema kwa sababu nyingine. Kwa maoni yangu hapa ndipo usomaji wa mchanganyiko unapolipa zaidi.

Kalamu Nzito

Ndugu Mwalimu ameteua mifano mitatu inayokubaliana vizuri mno, na mimi huwa na wasiwasi mifano inapokubaliana vizuri. Nitamtetea kidogo yule mwenzake Msomaji, maana ninaona wanajukwaa wamemtupa mkono.

Anayesoma kitabu kimoja kuhusu kipindupindu, kisha akahama, huondoka akiamini kwamba mpini wa pampu ya maji ya Broad Street, mtaa wa London ambao Snow alihusisha maji yake na kipindupindu, uliondolewa na mlipuko ukakoma. Mpini uliondolewa kweli, tarehe 8 Septemba 1854. Lakini Snow mwenyewe aliandika kwamba maradhi yalikuwa yamekwisha kupungua sana kabla ya hapo, na kwamba watu wengi walikuwa wameuhama mtaa. Simulizi ya mpini ni nzuri, inasimulika kwa dakika moja, na ndiyo sababu imeishi. Kitabu cha pili juu ya mada ileile kingekurekebisha. Kitabu kuhusu nyuki hakitakurekebisha kamwe.

Chukua pia makontena, ambayo Msomaji ameyataja na hakuna aliyeyagusa. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58 ya Malcom McLean, mfanyabiashara wa usafirishaji wa Marekani, na simulizi nyingi huanzia hapo kana kwamba biashara ya dunia ilibadilika alasiri ile. Makontena ya kampuni yake yalikuwa na urefu wa futi 35. Ya kampuni ya Matson, iliyosafirisha mizigo kati ya Hawaii na bara la Marekani, yalikuwa ya futi 24. Meli iliyojengewa nafasi za urefu mmoja haikuweza kupanga vizuri makasha ya urefu mwingine, na maadamu kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake, kasha lilibaki kuwa faida ya mwenye meli peke yake. Ni miaka ya mabishano katika kamati za viwango iliyoleta futi 20 na futi 40 tunazozijua leo. Na ni majadiliano magumu kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi wa bandarini yaliyoamua ni nani atalipwa fidia pale mashine itakapochukua kazi ya mabega. Ukisoma wasifu wa mfanyabiashara utamwona McLean. Ukisoma historia ya viwango utaziona kamati. Ukisoma historia ya vyama vya wafanyakazi utawaona makuli waliotoweka gatini. Aliyesoma kimoja tu amekutana na theluthi ya jambo, na kibaya zaidi hajui kwamba ni theluthi.

Kwa hiyo sisemi uache mchanganyiko. Ninasema uupunguzie kasi: kila mada ipewe angalau vitabu viwili, na cha pili kitoke kwa mwandishi mwenye sababu ya kutokubaliana na wa kwanza.

Ninaongeza tahadhari moja dhidi ya vile vitabu vinavyodai kwamba kitu kimoja, kiwe chumvi, kiazi, pamba au samaki, ndicho kilichoibadilisha dunia. Vingi vimeandikwa kwa bidii na vina mambo mazuri ndani yake, lakini haviwezi vyote kuwa na haki kwa pamoja.

Msomaji Mchanganyiko

Ninawashukuru nyote. Ndugu Kalamu Nzito, hoja ya kitabu cha pili nimeipokea, na nakiri moyoni kwamba ile habari ya mpini niliiamini jinsi ulivyoieleza.

Naomba kuongeza swali moja. Ninaposoma mada nyingi, kila kitabu kipya hufukuza kilichotangulia. Baada ya muda mfupi ninakumbuka kwamba kitabu kilikuwa kizuri, na nikiulizwa kilisema nini ninabaki na mambo machache yaliyokatikakatika. Je, wenzangu mnaandika muhtasari? Nilipojaribu kuandika muhtasari wa kila sura, kusoma kuligeuka kuwa adhabu.

Mwenye Daftari

Ndugu Msomaji, muhtasari wa kila sura usikusumbue. Ni kazi ya kunakili, na mkono unaweza kunakili huku akili ikiwa imelala.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio lililowahusu wanafunzi waliosoma vifungu vifupi vya maarifa. Baadhi walivisoma tena, wengine walifunika karatasi wakajaribu kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena ndio waliofanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka, na waliojaribu kukumbuka wakawapita wenzao. (Ndugu Mkutubi ametuonya juu ya majaribio ya saikolojia, nami nimemsikia, hili ni miongoni mwa matokeo yaliyorudiwa mara nyingi na watafiti wengine.) Kwa hiyo unapomaliza sura, funga kitabu, uandike kwa maneno yako mwandishi alidai nini na alithibitishaje, mistari michache tu, kisha ndipo ufungue kuona ulichoacha. Inachosha kidogo, lakini haichukui muda.

Kuhusu kuyapanga uliyoyaandika, wasomaji wa mada nyingi wamekuwa na tatizo hili kwa karne nyingi. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza ambaye pia alisomea tiba, alichapisha mwaka 1686 mpango wa faharasa ya daftari ambao aliutumia kwa miaka mingi: kila jambo lilipewa neno kuu, na neno hilo likaorodheshwa kwa herufi yake ya kwanza na irabu ya kwanza inayofuata, ili kwamba faharasa nzima itoshe katika kurasa mbili za mwanzo na daftari lijazwe bila kupangiwa sehemu mapema. Uzuri wake ni kwamba dondoo hazikupangwa kwa kitabu zilikotoka. Nami ninakushauri usiandike kichwa cha kitabu juu ya ukurasa, bali uandike swali: kwa mfano, "Kwa nini ushahidi mzuri hukataliwa?" Chini yake wataingia Wegener, Semmelweis na Marshall, ambao kila mmoja ametoka katika kitabu chake. Kando ya kila dondoo andika mwaka wa toleo, kwa sababu aliyoieleza Mkutubi.

Na kwa yule mwenzako anayedai kwamba kitabu hakijengwi juu ya kingine, mtajie Charles Darwin. Alisafiri na kitabu cha jiolojia cha Charles Lyell, ambacho kilimzoeza kufikiri kwamba mabadiliko madogo yakipewa muda mrefu huleta makubwa. Mwaka 1838, baada ya kurudi, alisoma kile cha Thomas Malthus kuhusu ongezeko la watu na upungufu wa chakula, na katika tawasifu yake anasema alikisoma kwa kujiburudisha. Hapo ndipo alipoona kwamba katika mapambano ya kuishi, tofauti zenye manufaa zitahifadhiwa na zisizofaa zitapotea. Alfred Russel Wallace, aliyefikia wazo hilohilo kwa njia yake, naye alieleza kwamba alimkumbuka Malthus aliyekuwa amemsoma miaka mingi kabla. Watu wawili, wazo moja, na kwa wote wawili lilichochewa na kitabu ambacho hakikuwa cha biolojia. Ni kweli kwamba wote wawili walikuwa wamekusanya wadudu, ndege na mimea kwa miaka, na Malthus peke yake asingewafaa kitu. Katika hilo Kalamu Nzito hajakosea.

Mkutubi wa Zamani

Nirudi kwa jambo moja la utendaji, kwa kuwa shauri la kitabu cha pili ni jema lakini watu wengi hukitafuta mahali pasipo sahihi, yaani kando ya kile cha kwanza.

Maktaba nyingi hutumia mpango wa desimali wa Melvil Dewey, uliochapishwa mwaka 1876, ambao hugawa maarifa yote katika makundi makuu kumi. Mpango huo huweka vitabu kwa fani, si kwa kitu kinachozungumzwa. Mada moja, kwa hiyo, hutawanyika. Nyuki wa mfugaji wako namba 638, pamoja na ufugaji wa wadudu, katika kundi la teknolojia. Nyuki wa mwanabiolojia wako namba 595, katika kundi la sayansi. Kati yao kuna rafu nyingi za mambo mengine kabisa. Vivyo hivyo kipindupindu kinaweza kuwa katika tiba, katika afya ya jamii, au katika historia ya jiji fulani. Ukitafuta katika katalogi kwa neno badala ya kutembea kwenye rafu, utaviona vyote kwa pamoja, na tofauti ya namba itakuonyesha tofauti ya macho yaliyotumika. Kitabu cha pili chenye namba ya mbali na cha kwanza mara nyingi ndicho chenye ubishi wa maana.

Ukikipata na huna hakika kama kinastahili muda wako, usianze na sura ya kwanza, ambayo kila mwandishi huisugua mpaka ing'ae. Tafuta katika faharasa jambo moja ambalo wewe unalijua vizuri, kutokana na kazi yako au usomaji wako, ukasome kurasa hizo tu. Mwandishi akikosea pale unapoweza kumwona, usimpe imani kubwa pale usipoweza. Watu wengi hufanya kinyume chake: hukuta makosa katika ukurasa wanaoujua, wakacheka, kisha wakaendelea kuamini kurasa zinazofuata.

Kwa Msomaji, ambaye amekwisha kusoma kitabu kimoja cha nyuki: ikiwa kilikuwa cha ufugaji, nenda sasa upande wa 595 utafute habari za mabishano kuhusu mchezo wa nyuki, yaani dansi yao. Karl von Frisch alieleza kwamba nyuki anayerudi mzingani huwaonyesha wenzake mwelekeo na umbali wa maua kwa mchezo wake, na mwaka 1973 akashiriki Tuzo ya Nobeli. Miaka michache kabla ya tuzo hiyo Adrian Wenner na wenzake walikuwa wamepinga, wakidai kwamba nyuki hufuata harufu, na walikuwa na majaribio yao pia. Ilichukua mpaka mwaka 2005 kwa watafiti kuwafunga nyuki vifaa vidogo vya rada na kufuatilia safari zao. Nyuki waliruka kuelekea walikoelekezwa na mchezo, na walipofika karibu walihitaji ishara nyingine, kama harufu, ili kulipata ua lenyewe. Ikiwa ulianza na 595, basi nenda 638, usome wafugaji wanasema nini juu ya nyuki wanaokataa kwenda popote.